Somo Yangu Ameitoa Siri Yangu kwa Jina la Maombi

Bibi, shikamoo.

Nina miaka 34, ni mwalimu wa skuli ya msingi, na tunakaa Tomondo. Kwetu ni Muheza. Nilihamia Unguja miaka sita iliyopita nilipoolewa, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameshapata kazi bandarini. Sote ni Waanglikana na Jumapili tunasali Mkunazini.

Wewe umezaliwa hapa, huenda huujui upweke wa Mkristo mgeni. Kwetu nikitoka nje asubuhi nakutana na shangazi, mama wa ubatizo, mke wa katekista, na kila mmoja ananiuliza habari za nyumbani. Hapa mtaa mzima ni watu wema, lakini Krismasi yangu ya kwanza nilipika, nikala na mume wangu, ikawa jioni. Kwa hiyo siku moja tukiwa kwenye gari tunarudi kutoka kanisani, dada aliyekaa ubavuni mwangu aliponiuliza, "Leo somo gani limekugusa?" nilikaribia kulia kwa furaha. Hiyo ni miaka minne sasa.

Tukaanza kusoma pamoja. Kila alfajiri ananitumia sura ya siku, jioni tunapigiana simu, kila mmoja anasema alichokiona. Majirani walipotuona tunavyoandamana wakaanza kumwita somo yangu, nami nikalizoea jina. Baadaye tukawa watano: sisi wawili, Mlutheri mmoja, mmoja wa Kipentekoste, na Mkatoliki mmoja anayesali Minara Miwili. Kila Jumatano saa 11 jioni tulikutana uwani kwa somo yangu. Tulisoma Wafilipi kwa miezi mitatu, mstari kwa mstari, kisha Ruthu, kisha tukaingia Samweli wa Kwanza. Bibi, sijawahi kuielewa Biblia kama nilivyoielewa pale, miguu mkekani, chai ya mchaichai mkononi.

Mwezi wa pili mimba yangu ya tatu ilitoka ikiwa na wiki 11. Ya kwanza na ya pili sikuwahi kuzitaja hata kwa mama yangu. Jumatano iliyofuata wakati wa maombi nilijikuta nasema yote, zote tatu. Wakaniwekea mikono, wakalia pamoja nami. Niliondoka pale mwepesi.

Jumapili ya pili yake, nje ya kanisa, mama mmoja nisiyemjua jina alinishika mikono akaniambia, "Mwanangu, tunakuombea. Mimba tatu mbele ya Mungu si kitu." Ubavuni mwangu alikuwa amesimama mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Tanga. Hakuwa anajua hata moja.

Nikaja kujua kwamba somo yangu alikuwa ameandika ujumbe kwenye kundi la maombi la WhatsApp lenye wanawake zaidi ya 60. Jina langu hakulitia. Aliandika "dada yetu mwalimu, mwenyeji wa Muheza, anayekaa Tomondo." Tuko wangapi?

Sikumwambia kitu. Niliacha kwenda Jumatano, nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Yeye anaendelea kunitumia mistari kila alfajiri kama kwamba hakuna kilichotokea. Wiki iliyopita alinitumia habari za Hana, yule mwanamke wa Samweli wa Kwanza aliyemlilia Mungu ampe mtoto, akaniambia nisome sura ile kila siku kwa siku 40 nami nitaona. Niliitupa simu kitandani. Tangu siku ile sijafungua Biblia. Nikijaribu naona maneno tu. Katika wale wengine, ni yule Mkatoliki peke yake anayenipigia. Haniulizi kwa nini siji. Anasema "nimekukumbuka," tunaagana.

Sasa linalonichanganya zaidi. Nina jirani mlango wa pili, mama wa makamo, Mwislamu. Siku niliyorudi hospitali aliniona nikishuka kwenye teksi. Sikumwambia kitu na hakuniuliza. Jioni alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga, akafunga mlango, akanikanda kwa maji ya moto. Alikuja siku tatu. Alichosema ni, "Mungu akustiri, mwanangu." Mama mkwe wangu alikaa kwetu wiki mbili, wakizungumza barazani kila siku, na yule mama hakumdokeza hata neno. Bakuli lake bado liko kwangu. Kila nikitaka kulirudisha naona haya, sijui haya ya nini.

Dada mmoja wa kikundi alishaniambia nisijifungamanishe sana na jirani, kwamba siri ya mwamini ni kwa waamini wenzake. Lakini moyo wangu unamwamini huyu kuliko wao. Je, nina kosa? Nimsamehe somo yangu na kurudi Jumatano? Na nitasomaje tena?

Mwenye Bakuli, Tomondo

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole kwa watoto wako watatu.

Nimesema watoto kwa makusudi, maana katika barua yako yote niliona mtu mmoja tu aliyekuchukulia kama mama, naye hakutumia maneno. Wewe ni wa Muheza, huenda jambo hili lilikupita. Hapa kwetu uji wa pilipili manga hapelekewi mtu mwenye homa. Ni uji wa mzazi. Na kukandwa kwa maji ya moto ni kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Jirani yako alikuona unashuka kwenye teksi, akajua, akaenda jikoni kwake akakupikia kama mwanamke aliyezaa. Nadhani haya unayoona mbele ya bakuli lile ni kwa sababu mwili wako ulielewa kabla ya akili yako.

Sasa somo yako. Alikosa, na kosa si dogo. Utasikia watu wakikwambia alikuwa na nia njema, na mimi naamini alikuwa nayo. Lakini nia njema haikumzuia mama mkwe wako kusimama nje ya kanisa akisikia kwa mtu baki jambo lililokuwa la kwako kusema au kutosema. Usikubali nia njema ifunge mazungumzo kabla hayajaanza.

Sisi wanawake wa kanisani tuna ugonjwa huu na ni wa siku nyingi, simu zimeukuza tu. Tunadhani ombi hupata nguvu kwa wingi wa masikio. Tunasema "tumbebe dada fulani" na huku tunambeba barabarani, watu wote wanamwona. Hebu rudi kwenye Injili ya Marko, sura ya 5, nyumba ya Yairo. Binti amelala, watu wamejaa, vilio vimetanda. Bwana alifanya nini? Aliwatoa nje. Katika wanafunzi 12 akaingia na watatu, pamoja na baba na mama wa mtoto. Alipokwisha kumwinua aliwaonya sana mtu asilijue jambo lile, kisha akaagiza mtoto apewe chakula. Hebu tazama: watu wachache, mlango umefungwa, mdomo umefungwa, na bakuli la chakula. Mimi nimesoma sura ile tangu utotoni, na barua yako ndiyo iliyonionyesha kwamba nimekuwa nikiangalia muujiza na kuliruka agizo.

Na Mithali 11:13 husema mwenye roho ya uaminifu husitiri mambo. Husitiri. Ni neno lilelile la jirani yako, "Mungu akustiri." Nitalirudia hilo mbele.

Kwanza nikukumbushe jina mlilompa huyu dada. Wewe ni mwalimu, unajua somo la darasani. Katika Unguja somo ni mtu pia. Msichana akivunja ungo, zamani alikabidhiwa kwa somo yake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema, na aliyemsimamia mpaka ndoani. Wakatoliki nao wanamwita somo yule mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Somo wa kufunda alijua kila kitu cha mwari wake, na kazi yake yote ilisimama juu ya kunyamaza. Aliyetoa siri ya mwari hakupewa mwari mwingine. Nyinyi wawili mlikutana kwa somo la Jumapili, mkawa masomo kwa majirani kuwaita hivyo, lakini hakuna siku mliyokaa mkasemezana jina hilo linataka nini. Simlaumu yeye peke yake kwa hilo. Mlipewa cheo kizito mkakichukua kama pambo.

Nina sababu ya kusema hivi. Mwaka 1986 nilikuwa na rafiki aliyezaliwa Wete, tukisoma na kusali pamoja kila wiki, wanawake saba. Alinieleza jambo la ndoa yake. Mimi nikalipeleka kwenye maombi, kwa machozi ya kweli, nikiamini namsaidia. Lilimfikia mumewe ndani ya mwezi. Rafiki yangu alirudi Pemba. Ilinichukua miaka tisa kukubali kwamba nilimkosea, kwa sababu kila nilipofikiria jambo lile nilijiambia, "Lakini nilikuwa nasali." Mwishowe nikapanda meli mpaka Mkoani, nikachukua gari hadi Wete, nikamwomba radhi jikoni kwake. Alinipa chakula. Usiku tulisoma zaburi ya jioni kama zamani. Tukawa marafiki tena mpaka alipofariki, lakini hakuniambia tena jambo lolote la moyoni mwake. Urafiki ulirudi, siri hazikurudi. Nakwambia hili ili ujue kwamba kumsamehe mtu si lazima kuwe kumrudishia ufunguo. Ni mambo mawili, na makanisani kwetu tunayafunga fundo moja, ndipo watu wengi wanashindwa kusamehe kwa kuogopa kuingizwa tena palepale walipoumizwa.

Nenda kwake. Usimwandikie, maana maandishi ndiyo yaliyowafikisha hapa, na usimpigie. Mathayo 18:15 inataka wewe na yeye peke yenu, kwa hiyo isiwe Jumatano na wenzenu wapo. Nenda siku ya kawaida, baada ya alasiri. Usianze na habari nyingi. Mwambie, "Somo, nilikwambia wewe na wenzetu watatu. Sikuwaambia watu 60. Mama mkwe wangu amejua kupitia kwa mtu nisiyemjua jina." Kisha nyamaza, umwache asikie. Akisema alitaka uombewe, usibishane naye juu ya maombi. Mwambie tu, "Ungeniuliza." Neno hilo moja latosha, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo. Laiti angekuuliza, ungeweza kukataa.

Mwombe aufute ujumbe ikiwa bado unafutika, na asiandike mwingine wa kusahihisha. Najua atataka kuandika, "Wapendwa, nisameheni, nilikosea habari za dada yetu mwalimu." Mkataze. Hilo litawaamsha hata wale waliopita bila kusoma. Na umwombe aache kukutumia mistari ya alfajiri mpaka utakapomwambia. Si adhabu. Ni kwamba kila mstari wake sasa unakufikia ukiwa na sauti ya yule mama wa nje ya kanisa.

Kama atakasirika, au atasema unakuza mambo, basi umefanya lako. Mwachie Mungu, ukae mbali na somo yako kwa amani kwa muda. Lakini mimi nahisi hatakasirika. Mtu anayeendelea kutuma mistari kila alfajiri kwa mtu asiyemjibu ana jambo linalomtafuna. Huenda ameshajua.

Mmesoma Wafilipi miezi mitatu, kwa hiyo mlipita sura ya 4, mstari wa 2 na wa 3. Paulo anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana. Walikuwa wameshindania Injili pamoja naye, si watu wa pembeni. Kisha wakakosana. Sasa niambie, walikosana kwa nini? Hujui. Mimi sijui. Barua ile ilisomwa mbele ya kanisa zima, na imesomwa mbele ya watu karibu miaka 2000, na hakuna ajuaye wale mama waligombania nini. Paulo aliwataja kwa majina ili wapatane, na ugomvi wenyewe akaufunika. Ningependa kila mwenye kundi la maombi aibandike sura ile mlangoni kwake.

Halafu anamgeukia mtu wa tatu, hamtaji jina, anamwita "mjoli wa kweli," amsaidie. Wasomaji vijana huliruka neno hilo kwa kuwa hawalijui. Mjoli ni mtumwa mwenzako, yule mliye naye chini ya bwana mmoja. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili hawakulitafuta mbali. Kanisa unalosali Jumapili limesimama penye soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Na kule Mbweni, si mbali na kwako, kulikuwa na skuli ya wasichana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Bi Caroline Thackeray alifika kuwafundisha mwaka 1877, akabaki Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1926. Mama wa bibi yangu alikuwa mmoja wa wasichana wale. Hakuwa na mama, hakuwa na shangazi, kabila lake alilikumbuka nusu. Walisomeshana. Bibi alikuwa akisema mama yake hakuwahi kumsimulia mtu safari ya jahazini, ila mwenzake mmoja aliyeteremshwa naye, na walipokaa wawili wakianza kunong'ona watoto walifukuzwa uwani. Walisoma Biblia, neno mjoli kwao likiwa habari ya maisha yao wenyewe. Nikifikiri urafiki wa wanawake wa imani hapa Unguja, hao wawili ndio ninaowaona kwanza.

Na wewe mjoli wako unaye. Yule Mkatoliki anayekupigia na kusema "nimekukumbuka" bila kuuliza. Sijui kama umeona, lakini katika watu wanne waliokuwa uwani jioni ile, mmoja alieneza, wawili wamenyamaza, na mmoja amekulinda bila kukuacha. Huyo ndiye wa kumwambia, "Nataka kwenda kuzungumza na somo yangu, niombee," na atakuombea bila kuuliza yatakayozungumzwa.

Kurudi Jumatano, ngoja. Usirudi kwa ajili ya kuonyesha kwamba umesamehe. Anza na huyu mmoja. Someni wawili, kwako au kwake, nusu saa. Kama siku moja mtarudi wote watano, semeni mambo mawili kabla ya kufungua Kitabu: simu zinawekwa kwenye kikapu ndani, na lililosemwa mkekani halitoki hata kwa jina la maombi mpaka mwenyewe aseme "litoke." Ombeni hata kwa kunyamaza. Kuna vikundi vya kusoma ambavyo havina maombi ya siri kabisa, watu wanasoma, wanazungumza andiko, wanakunywa chai, wanakwenda. Hilo nalo ni jema. Si kila urafiki wa Biblia lazima uwe mahali pa kuvua nguo.

Uliuliza utasomaje. Kwanza, mwache Hana. Nakupa ruhusa mimi mwanamke mzee. Hakuna andiko lililoagiza siku 40 za sura ile, na Biblia si dawa ya kumeza mara moja kutwa. Wakati utafika utamrudia, na siku hiyo utaona mambo ambayo aliyekutumia hakuyaona: kwamba midomo yake ilitikisika lakini sauti haikusikiwa, kwamba aliomba jambo lake bila mtu wa tatu kulijua, na kwamba kuhani alipomwona akadhani amelewa. Hata mtumishi wa Mungu alimsoma vibaya mwanamke aliyekuwa akilia. Lakini si sasa.

Sasa soma Zaburi ya 88. Nimeichagua kwa sababu karibu zaburi zote za kilio hugeuka mwishoni zikashukuru. Hiyo haigeuki. Inaanza na kilio, inaishia gizani, na mstari wa mwisho unalalamika kwamba mpenzi na rafiki wametengwa naye. Na bado iliwekwa humo ndani, watu wakaiimba hekaluni. Isome kwa sauti, mara moja, usitafute fundisho, ufunge Kitabu. Kesho soma ya 56, mahali anapomwomba Mungu ayatie machozi yake katika chupa. Usimwambie mtu umeona nini. Kwa wiki kadhaa usome bila kuwa na jibu la kumpa mtu jioni. Nadhani sehemu ya uchovu wako ni kwamba kwa miaka minne kila ulichosoma ulikuwa ukikitayarisha kwa ajili ya simu ya jioni.

Na jirani yako. Hapana, mwanangu, huna kosa. Aliyekwambia siri ya mwamini ni kwa waamini amesahau ni nani aliyetufundisha maneno ya kusalia. Askofu Steere, mmoja wa waliofasiri Biblia kwa Kiswahili, alipokuwa akijifunza lugha hapa, Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, kadhi wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Kadhi! Na ukiondoa katika Biblia yetu maneno tunayoshiriki na majirani zetu, utaondoa rehema, imani, subira, sala, roho, na hilo husitiri. Kurani nayo ina sura nzima kwa jina la Bibi Mariamu, na humo yumo peke yake, uchungu wa uzazi umempeleka kwenye shina la mtende, akitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Yule mama anayafahamu hayo. Hakuwa mgeni wa uchungu wako.

Hata hivyo nikuambie kweli. Hawezi kukushika mkono mkasali kwa jina la Yesu, nawe usimtake hilo, wala usimgeuze kuwa kikundi chako kipya kwa hasira ya kile cha zamani. Yeye ana njia yake na wewe unayo yako. Alichokupa ni ujirani, na ujirani unajitosheleza. Siku yake ya shida itakapofika, nawe uwe wa kwanza kufunga mlango.

Jambo la hospitali nisilipite. Mimba tatu zikiharibika mfululizo, hilo ni la kuchunguzwa na daktari wa wanawake, wewe pamoja na mume wako, si wewe peke yako. Kuna sababu zinazoonekana kwenye vipimo na nyingine hutibika. Mwombe mumeo mwende pamoja mwezi huu. Na mama mkwe, kwa kuwa ameshajua, mpigie mwenyewe, umweleze kwa kinywa chako kwa kiasi unachotaka. Hujasema alikuambia nini siku ile. Nina matumaini kwamba alinyamaza kwa sababu anasubiri uanze.

Bakuli lirudishe leo jioni. Unajua mwenyewe chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo choma mkate wa kumimina, au ukikosa unga wa mchele tia ndizi mbivu za nazi. Akikukaribisha ndani, ingia ukae.